Mwalimu Mohammed Shamte: Kutoka Darasani Pemba hadi Uwaziri Mkuu

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Tangu Arua ipandishwe hadhi na kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, viti vya baraza vimeongeza uzito, na wanaovitaka nao wameongezeka. Pita Awindiri wakati wa kampeni, utaona picha za wagombea ukutani na kwenye nguzo, na hutakosa picha ya mwalimu mstaafu. Mtu amefundisha maisha yake yote, amepokea pensheni, na badala ya kupumzika chini ya mwembe wake anaomba kura awe kaunsela. Wengine humsifu, kwa kuwa ni msomi na anajua kila nyumba. Wengine humwonea huruma na kusema kwamba heshima aliyoijenga miaka mingi ataipoteza kwa msimu mmoja wa siasa.

Mabishano hayo yapo pia katika mabweni yetu, hasa kwa sisi tunaosoma masomo ya dini. Wanaopinga huleta hadithi ya Abdurrahman bin Samura (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alimkataza kuomba uongozi na akamfahamisha kwamba anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo huo peke yake. Wanaounga mkono huleta kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi kwa sababu alijijua kuwa mlinzi mwaminifu na mjuzi. Dalili zote mbili ni sahihi, na wanazuoni wamezieleza kwa pamoja: linaloangaliwa ni nia ya mwenye kuomba, uwezo wake, na haja ya watu.

Leo sitaki kuendeleza mabishano hayo kwa dalili. Nataka kuyaendeleza kwa maisha ya mtu. Mtu huyo ni marehemu Mohammed Shamte Hamadi, mwalimu wa shule kutoka Pemba, aliyemaliza kazi ya ualimu, akaomba kura, akashinda, na akapanda hadi kuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar huru. Uwaziri mkuu huo baada ya uhuru ulidumu mwezi mmoja tu. Wengi wetu tumesikia habari za mapinduzi ya Zanzibar, na tunajua kwamba aliyejiita Fildi Masho wa mapinduzi hayo, John Okello, alikuwa Mganda kutoka Lango. Wachache wanamjua mwalimu aliyepinduliwa usiku ule.

Mwalimu wa kisiwani

Pemba ni kisiwa cha karafuu. Watu wake wengi ni wakulima na wavuvi, Waislamu, na wakati wa ukoloni wengi wao walijitambulisha kama Washirazi, yaani wenyeji wa visiwa wanaohesabu asili yao hadi Uajemi. Tofauti na Unguja, ambako mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa zaidi mikononi mwa Waarabu, Pemba mashamba mengi yalikuwa madogo na wenyeji wenyewe walimiliki mikarafuu. Waarabu na Washirazi wa Pemba waliishi karibu karibu, wakaoana na kuswali pamoja. Jambo hili likumbukwe, kwa sababu bila yake siasa za Mwalimu Shamte hazieleweki.

Shamte alizaliwa Pemba mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Waingereza, huku Sultani akibaki kwenye kiti chake. Shule za serikali zilikuwa chache, na wazazi wengi hawakuziamini. Waliogopa kwamba mtoto akipelekwa huko atapoteza Qur'ani. Chuo cha Qur'ani kilikuwa kwa mwalimu wa kijiji, chini ya paa la makuti, na hicho wazazi walikijua. Serikali ya kikoloni ilichukua miaka mingi kufahamu kwamba shule isiyofundisha Qur'ani haitapata watoto wa vijijini, ndipo masomo ya dini yakaingizwa ndani ya ratiba.

Kuwa mwalimu wa serikali Pemba katika zama hizo kulikuwa na maana yake. Mwalimu alisimama kati ya pande mbili. Upande mmoja ni ofisi ya elimu na Mwingereza wake. Upande wa pili ni mzee wa kijiji anayeuliza mwanawe anafundishwa nini. Mwalimu ndiye aliyesoma barua za watu, akawaandikia maombi yao serikalini, na akawaeleza maana ya tangazo lililobandikwa. Shamte aliishi katika kazi hiyo miaka mingi. Alipoiacha, alikuwa mtu mzima, anayejulikana na kuheshimiwa, na wale aliowafundisha walikuwa sasa wazazi na wakulima wenye mikarafuu yao.

Uchaguzi wa kwanza

Mwezi Julai 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa kwanza katika historia yake. Viti vilivyogombewa katika Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 6 tu, vinne vya Unguja na viwili vya Pemba. Walioruhusiwa kupiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena wenye kutimiza masharti ya umri, mali au elimu. Wanawake hawakuhesabiwa.

Kufikia hapo siasa za visiwa zilikuwa zimeshaanza kugawanyika. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, yaani ZNP au Hizbu, kilianzishwa mwaka 1955. Kilitaka uhuru wa haraka chini ya Sultani, na ingawa kilikuwa na wanachama wa kila asili, wapinzani wake walikiona kuwa ni chama cha Waarabu. Upande wa pili, mapema mwaka 1957, Jumuiya ya Waafrika, ambayo wengi wa wanachama wake asili yao ilikuwa bara, iliungana na Jumuiya ya Washirazi wa Unguja kuunda umoja wa Afro-Shirazi chini ya Abeid Amani Karume.

Washirazi wa Pemba hawakuingia moja kwa moja katika umoja huo. Waliwasimamisha watu wao wenyewe, na wagombea wawili, Mohammed Shamte na Ali Sharif Musa, wakavichukua viti vyote viwili vya Pemba. Huko Ng'ambo, mjini Unguja, Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani, mmoja wa viongozi wakuu wa Hizbu. Hizbu haikupata hata kiti kimoja.

Tazama basi, ndugu msomaji. Mwalimu mstaafu anaingia barazani kwa mara ya kwanza, na anaingia kwa nguvu ya jina lake na ya watu wa kisiwa chake, wala si kwa nguvu ya chama kikubwa. Ndivyo walimu wetu wanavyoingia katika mabaraza mpaka leo. Watu hawampigii kura kwa sababu ya ilani yake. Wanampigia kwa sababu alimfundisha mtoto wao kusoma.

Baada ya uchaguzi Shamte na mwenzake walijiunga na kina Karume, na chama kikajulikana kama Afro-Shirazi Party, ASP. Ilionekana kwamba Waafrika wa bara na Washirazi wa visiwa vyote viwili wamekuwa kitu kimoja.

Kuvunjika kwa umoja

Miaka iliyofuata Wazanzibari wenyewe waliiita zama za siasa, na hawakuiita hivyo kwa furaha. Chuki za vyama zilishuka hadi mitaani. Watu waliacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine. Wenye mashamba wa Hizbu waliwafukuza maskwota wa ASP. Yaliguswa hata mambo ambayo Uislamu umeyafanya kuwa haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake: watu walisusiana maziko, wakasusiana harusi, na kuna waliogawana misikiti. Fikiria mji ambao karibu kila mtu ni Muislamu, adhana ni moja na kibla ni kimoja, lakini jeneza linapita na jirani anaufunga mlango kwa sababu marehemu alikuwa na kadi ya chama kingine.

Ndani ya ASP nako hakukuwa shwari. Viongozi wa Kishirazi hawakuridhika na uongozi wa Karume, na walihofia kwamba chama kinawasikiliza zaidi watu wa asili ya bara kuliko wenyeji wa visiwa. Wenzao wa upande wa pili waliona kwamba Washirazi wa Pemba wanawaonea haya Waarabu na hawataki mabadiliko ya kweli. Mwezi Desemba 1959 mgogoro ukafika mwisho. Shamte, Ali Sharif Musa na Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, ambaye yeye pia alikuwa mwalimu, mwalimu wa dini, walijitoa na kuanzisha chama kipya, Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP.

Hapa ndipo wanahistoria wanapotofautiana juu ya mwalimu huyu. Wapo wanaosema alivunja umoja wa Waafrika kwa kutafuta ukubwa. Wapo wanaosema aliwapa watu wa Pemba sauti ambayo hawakuwa nayo, kwa sababu hawakutaka kutawaliwa na Hizbu wala kuamuliwa na mjini Ng'ambo. Mimi naona kwamba hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na tunamdhulumu mtu tukichukua moja na kuiacha nyingine. Pemba kweli ilikuwa na hali yake. Lakini kila chama kipya kinachozaliwa katika mji uliogawanyika huongeza mstari mwingine wa mgawanyiko, hata kama nia ya waasisi wake ni njema.

Viti vitatu vilivyoshika mizani

Mwezi Januari 1961 ukafanyika uchaguzi wa viti 22, safari hii wanawake nao wakipiga kura. ASP ilipata viti 10, Hizbu viti 9, na ZPPP ya Mwalimu Shamte viti 3. Katika jimbo la Chake Chake mshindi alipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Wanaosema kura yao haina maana wakumbuke Chake Chake.

Sasa mizani ya nchi nzima ikawa mikononi mwa watu watatu. Upande watakaouchagua ndio utakaotawala. Wale watatu hawakukubaliana: wawili, Shamte akiwa mmoja wao, walikwenda kwa Hizbu, Ali Sharif Musa akarudi ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Ikawekwa serikali ya muda, jimbo moja jipya likaongezwa ili viti visigawanyike sawa tena, na uchaguzi ukaitishwa upya tarehe 1 Juni 1961.

Siku ile ya Juni ndiyo siku ambayo damu ilianza kumwagika. Fujo zilianzia kwenye vituo vya kupigia kura mjini Unguja, watu wakituhumiana kupiga kura mara mbili, kisha zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, na mamia wakajeruhiwa. Serikali ya kikoloni ililazimika kuleta askari kutoka nje ya visiwa. Kura zilipohesabiwa, ASP ilikuwa na karibu nusu ya kura zote na viti 10. Hizbu viti 10. ZPPP viti 3. Hizbu na ZPPP walikuwa wameungana kabla ya uchaguzi, kwa hiyo walikuwa na viti 13, na wakaunda serikali.

Mwenye viti 10 hakuwa kiongozi wa serikali hiyo. Aliyepewa cheo cha Waziri Kiongozi ni mwenye viti 3, Mwalimu Mohammed Shamte. Sababu yake inaeleweka. Hizbu ilihitaji uso wa Mshirazi ili isionekane kuwa serikali ya Waarabu, na Shamte alikuwa Mwafrika wa visiwani, mwalimu, mtu mzima asiye na makuu. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo iliyomdhoofisha tangu siku ya kwanza. Wapinzani walisema kwamba yeye amekaa kwenye kiti tu, na wanaoendesha gari ni wengine, hasa Ali Muhsin.

Nimelitafakari jambo hili sana, kwa sababu linahusu kila mwalimu mwenye heshima anayeitwa na wanasiasa. Wakati mwingine hawahitaji elimu yako, wanahitaji jina lako. Wanakuweka mbele kwa kuwa watu wanakuamini, na uaminifu wako unakuwa pazia. Hatuwezi kuingia ndani ya kifua cha marehemu tukasema aliridhika kuwa pazia. Tunachoweza kusema ni kwamba watu wengi walimwona hivyo, na kiongozi anayeonekana hivyo amepungukiwa na silaha muhimu kabla hata hajafanya kosa.

Uhuru wa mwezi mmoja

Machi 1962 Shamte aliongoza upande wa serikali katika mkutano wa katiba London. Mkutano ulivunjika bila tarehe ya uhuru, kwa kuwa vyama havikuweza kukubaliana. Tarehe 24 Juni 1963 Zanzibar ilipata madaraka ya ndani, na mwezi uliofuata ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, wa viti 31. ASP ilipata viti 13, Hizbu 12, na ZPPP 6. Tazama namba hizo vizuri. Chama cha Shamte kiliongeza viti vyake mara mbili, na muungano wake ulikuwa na wingi wa wazi bungeni, 18 kwa 13. Lakini katika kura za watu, ASP ilipata asilimia 54. Wengi wa wapiga kura walikuwa upande mmoja, na wengi wa wabunge upande mwingine, kwa sababu ASP ilirundika kura nyingi mno katika majimbo machache, na wapinzani wao wakashinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo.

Kisheria Mwalimu Shamte hakuwa na kosa. Majimbo yalichorwa chini ya Waingereza, kura zilihesabiwa, viti vikagawiwa. Lakini nchi haikai kwa sheria peke yake. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura waliamka kesho yake wakiona kwamba wameshinda na wamenyimwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishushwa, Mwanamfalme Philip akiwepo kwa niaba ya Malkia, na ikapandishwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyerithi kiti mwezi Julai mwaka huo, alikuwa mkuu wa nchi, na mwalimu wa Pemba alikuwa Waziri Mkuu. Tarehe 16 Desemba Zanzibar ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya.

Serikali hiyo changa ilikuwa na hofu, na hofu humfanya mtu avunje ukuta unaomkinga. Askari polisi wengi walikuwa watu wa bara, na serikali haikuwaamini. Ilianza kuwaondoa kazini, na wengi wao wakabaki mitaani wakiwa na uchungu, na wakijua vizuri ghala za silaha zilivyo na namna zinavyolindwa. Mapema Januari 1964 serikali ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, ambaye alikuwa amejitenga na Hizbu mwaka uliotangulia. Waliokuwa wakilalamika hadharani wakabaki na njia ya siri tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 watu wenye mapanga, marungu na silaha za kienyeji walivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, wakachukua bunduki. Miongoni mwa walioongoza alikuwa John Okello, ambaye alikuwa ameishi Pemba kwa kazi ya uashi tangu mwaka 1959 kabla ya kuhamia Unguja. Serikali ya Shamte iliomba msaada wa Uingereza, na askari hawakuja. Sultani akapanda meli na kuondoka. Waziri Mkuu na mawaziri wenzake wakajisalimisha na kukamatwa, na baadaye wakapelekwa kufungwa katika magereza ya bara. Mwalimu Shamte hakushika tena uongozi wowote.

Yaliyotokea mitaani na mashambani katika siku zile ni msiba. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, wakiwemo wanawake na watoto. Familia nzima zikapotea, na nyingine zikakimbilia Oman, Mombasa na kwingineko. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo. Wapo wanaoisherehekea tarehe 12 Januari kama siku ya kukombolewa wanyonge, na wapo wanaoilia kama siku ya mauaji. Mwanafunzi wa Kiislamu halazimiki kuchagua kambi. Dhulma ya bwana shamba kwa skwota ni dhulma, na damu ya asiye na hatia ni damu, na vyote viwili vitasimama mbele ya Mola siku ya hesabu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, maisha ya Mwalimu Shamte hayathibitishi kwamba mwalimu asiingie katika siasa. Aliingia kihalali, kwa kura za watu waliomjua, na miaka yote ya ushindani hakuacha njia ya sanduku la kura. Kama watu wenye elimu na umri wataviacha viti vya baraza, vitakaliwa na wengine, na barabara na visima vyetu vitaamuliwa na wao. Mwalimu mstaafu wa Awindiri anayetaka ukaunsela asibezwe. Aulizwe tu maswali yale ambayo kisa cha Yusuf (a.s.) kinatufundisha kuuliza: je, ni mlinzi mwaminifu? Je, anaijua kazi anayoiomba?

Pili, wingi wa viti na ridhaa ya watu ni vitu viwili tofauti. Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, kushauriana, na kushauriana kunawahusu pia waliokupinga. Mwalimu mzuri anajua hili kutokana na darasa lake. Hawezi kuwafundisha waliokaa mbele tu akasema darasa limeelewa. Waliokaa nyuma, wasionyoosha mikono, ndio wanaoamua kama kipindi kitaisha kwa amani. Serikali ya 1963 ilikuwa na walio mbele. Walio nyuma walikuwa asilimia 54. Kungekuwa na serikali ya pamoja baada ya uchaguzi ule wa Julai, huenda historia ya visiwa ingekuwa nyingine; na miaka mingi baadaye, mwaka 2010, Wazanzibari wenyewe walipitisha kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa, baada ya kumwaga damu nyingine mwaka 2001. Kilichoshindikana mwaka 1963 kilikubaliwa baada ya miaka 47.

Tatu, na hili ni letu hasa sisi wa West Nile. Waislamu wa hapa ni Wanubi, Waaringa, Wakakwa, Walugbara na wengineo. Msikitini tunapanga safu moja. Uchaguzi ukija, safu hiyo hujaribiwa, na wagombea wasiomcha Mwenyezi Mungu hutuhesabu kwa makabila. Zanzibar ilikuwa na Waislamu wengi kwa uwiano kuliko sisi, ilikuwa na masheikh wakubwa na vyuo vyenye sifa Afrika Mashariki yote, na bado ilifika mahali pa kususiana maziko. Haikuanza na mapanga. Ilianza na duka kususiwa na salamu kutojibiwa. Tukiona dalili hizo hapa chuoni, hata katika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya yetu ya wanafunzi, tuzikemee zikiwa bado ndogo.

Nne, tuwaandike watu wetu kwa uadilifu. Mohammed Shamte ameandikwa mara nyingi kama kibaraka, na mara nyingine kama shahidi. Alikuwa mwalimu aliyepewa mizani ya nchi akiwa na viti vitatu mkononi, katika wakati ambao kila upande ulimwogopa mwenzake. Uamuzi wake wa kuelemea upande mmoja tunaweza kuujadili. Jasho lake la miaka mingi mbele ya ubao, akiwafundisha watoto wa wakulima wa karafuu, halina mjadala, na yumkini ndilo litakalokuwa zito zaidi katika mizani isiyodhulumu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliokufa katika fitina ile, wa kila upande. Awape hekima walimu wetu wanaoomba kura na walimu wetu wanaobaki darasani. Atujaalie sisi vijana tuwe watu wa kuunganisha safu. Amin.

Wabillahi tawfiq.